Upungufu wa Bajeti ya Serikali na Ugharimiaji wa Shule za Umma: Mfano wa Kata ya Picha ya Ndege, Kibaha, na Wilaya ya Kisarawe

Ikisiri

Makala hii inafafanua njia ambazo upungufu wa bajeti ya Serikali Kuu hupitia hadi kuifikia shule ya umma nchini Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba, baada ya utaratibu wa elimumsingi bila malipo kuanza mwaka 2016, upungufu huo uliacha kuonekana kama fedha zisizofika na ukahamia ndani ya kiwango chenyewe cha ruzuku kwa mwanafunzi. Mfano wa Kata ya Picha ya Ndege, mjini Kibaha, na ule wa vijiji vya Wilaya ya Kisarawe, katika Mkoa huohuo wa Pwani, unaonesha kwamba kiwango kimoja cha taifa huzaa mapengo ya aina mbili tofauti.

Utangulizi

Upungufu wa bajeti ni neno la Hazina na la Bunge. Hutajwa kwa matrilioni ya shilingi, nalo hujadiliwa mwezi Juni Waziri wa Fedha anaposoma makadirio, kisha katika taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Shuleni neno hilo halisikiki. Kinachosikika ni kwamba rimu za karatasi za mitihani zimekwisha, mlinzi anadai, au mita ya LUKU imezima. Kati ya lugha hizi mbili kuna mnyororo mrefu wa maamuzi, na tafiti nyingi za ugharimiaji wa elimu nchini zimeuangalia ama upande wa juu, yaani bajeti ya sekta, ama upande wa chini, yaani michango ya wazazi. Makala hii inajaribu kuufuata mnyororo wenyewe.

Picha ya Ndege ni miongoni mwa kata za Mji Kibaha, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Halmashauri ya Mji Kibaha watu 128,488. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 265,000. Ongezeko hilo, zaidi ya maradufu katika muda wa miaka kumi, limechangiwa na bei ya viwanja iliyo nafuu kuliko ya Dar es Salaam, viwanda vilivyojengwa mkoani Pwani, na upanuzi wa barabara kati ya Kimara na Kibaha. Kisarawe ni jirani, lakini sura yake ni nyingine. Ukiacha mji wenyewe wa Kisarawe na maeneo yaliyo karibu na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya wilaya ni vijiji vilivyotawanyika vya wakulima wa mihogo na korosho, na shule zake nyingi za vijijini ni ndogo. Maeneo haya mawili yanapokea ruzuku kwa kanuni ileile, na hilo ndilo linaloyafanya yafae kulinganishwa.

Jinsi upungufu unavyoshuka

Tangu katikati ya miaka ya 1990, Serikali ya Tanzania imekuwa ikitekeleza bajeti kwa kufuata fedha zilizokusanywa. Makadirio yanayopitishwa na Bunge ni ruhusa ya kutumia, si fedha mkononi. Hazina hutoa mgao kulingana na kilichokusanywa na Mamlaka ya Mapato, kilichokopwa na kilichotolewa na wahisani. Utaratibu huu uliletwa ili kudhibiti mfumuko wa bei na madeni, na kwa lengo hilo ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Lakini una tabia moja ambayo haizungumzwi vya kutosha katika maandishi ya elimu: hausambazi upungufu kwa usawa.

Deni la Taifa hulipwa kwanza. Mishahara hufuata, kwa kuwa hakuna Serikali inayopenda kuchelewesha mishahara ya walimu na askari. Kinachobaki ndicho hugawiwa matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, kwamba katika kila shilingi 100 za makadirio, 60 ni za deni na mishahara. Makusanyo yakipungua kwa shilingi 10, zile 60 hazitaguswa. Shilingi 10 zote zitatoka katika 40 zilizobaki. Upungufu wa asilimia 10 kwa taifa unakuwa asilimia 25 kwa kasma zisizo na kinga. Ruzuku ya uendeshaji wa shule iliwekwa katika kundi hili la matumizi mengineyo, kwa hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuguswa kila hali ilipokuwa ngumu.

Aidha, chanzo cha upungufu si lazima kihusiane na elimu. Mwishoni mwa mwaka 2014 wahisani waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja walisitisha takriban dola za Marekani milioni 490 kutokana na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Sakata lile lilikuwa la umeme na fedha za umma. Hakuna mwalimu mkuu wa Kibaha aliyehusika nalo. Hata hivyo, fedha za bajeti huingia katika mfuko mmoja, na mfuko ukipwaya, wasio na kinga ndio wanaoanza kuona.

Kutoka MMEM hadi elimu bila malipo

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Mpango uliweka ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambayo kwa ubadilishaji wa wakati ule ilikuwa sawa na takriban shilingi 10,000. Kwa shule za sekondari, mpango wao ulioanza mwaka 2004 ulikuja kuweka shilingi 25,000. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya vitabu, na nyingine ya ukarabati, vifaa vya kufundishia, mitihani na utawala. Ufuatiliaji wa matumizi ya umma uliofanywa katika miaka iliyofuata ulionesha jambo moja kwa kurudiarudia: fedha zilizofika shuleni zilikuwa pungufu ya kiwango kilichotangazwa, zilifika kwa vipindi visivyotabirika, na zilitofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine. Kwa kuwa zilipitia halmashauri, haikuwa rahisi kujua zimepunguzwa Hazina au zimekwama wilayani. Mjadala wa kipindi hicho, kwa hiyo, ulikuwa mjadala wa uvujaji.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Utekelezaji ulipoanza Januari 2016, Serikali ilibadili pia njia ya fedha. Hazina ilianza kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi. Mwanzoni jumla yake kwa nchi nzima ilikuwa shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, shilingi 6,000 kwa mwaka zilitumwa shuleni na 4,000 zikabaki kwa ununuzi wa vitabu kwa pamoja. Kwa sekondari, 12,500 zilikwenda shuleni na 12,500 zikawa za vitabu. Juu ya hizo ikaongezwa fidia ya ada, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni.

Ni haki kusema kwamba mabadiliko haya yalikuwa hatua kubwa. Fedha zilianza kufika kwa mpangilio ambao walimu wakuu wengi hawakuwahi kuuona, na kila shule ingeweza kujua kiasi chake. Uhakiki wa wanafunzi hewa uliofanyika mwaka 2016 nao ulipunguza udanganyifu wa takwimu. Kwa kipimo cha uvujaji, tatizo lilikuwa limetatuliwa kwa sehemu kubwa.

Lakini kiwango kilibaki shilingi 10,000.

Upungufu ndani ya kiwango

Mwaka 2002 shilingi 10,000 zilikuwa dola 10. Mwaka 2016, dola moja ikinunuliwa kwa takriban shilingi 2,200, kiasi hichohicho kilikuwa dola nne na nusu. Dola si kipimo kamili cha bei ya chaki Kibaha, lakini MMEM wenyewe ndio uliokipanga kiwango kwa dola, na kwa kipimo hicho zaidi ya nusu ya thamani iliyoahidiwa ilikuwa imepotea bila uamuzi wowote wa kuipunguza. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kutangaza kwamba ruzuku imekatwa. Haikukatwa, iliachwa mahali ilipokuwa, na bei zikaendelea na safari.

Wakati huohuo wanafunzi waliongezeka. Uandikishaji wa shule za msingi ulikuwa takriban milioni 8.3 mwaka 2015, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umevuka milioni 10. Hapa ndipo upungufu wa bajeti unapoeleweka vizuri. Kwa wanafunzi milioni 10, kiwango cha shilingi 10,000 kinahitaji shilingi bilioni 100 kwa mwaka. Kuirudisha thamani ya dola 10 kungehitaji takriban bilioni 220. Tofauti ya bilioni 120, kila mwaka na bila kikomo, ndiyo ambayo bajeti haikuweza kuibeba. Serikali ilikuwa na njia mbili: kupandisha kiwango na kushindwa kukituma kwa ukamilifu, kama ilivyokuwa kabla ya 2015, au kukiacha kilivyo na kukituma chote kila mwezi. Ilichagua ya pili. Kwa mtazamo wa hesabu za Serikali, chaguo hilo lilileta nidhamu. Kwa mtazamo wa shule, upungufu uliokuwa ukionekana katika taarifa za mgao ulifichika ndani ya namba ambayo ilikuwa ikitimizwa asilimia mia moja. Mtafiti anayelinganisha fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa hataukuta tena.

Kwa nini, basi, madarasa yalijengwa wakati ruzuku imeganda? Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000, yakiwemo 12,000 ya sekondari, kwa makisio ya shilingi milioni 20 kila moja. Mwaka uliofuata ikatoa bilioni 160 kwa madarasa mengine 8,000. Miradi ya SEQUIP na BOOST, inayogharimiwa na Benki ya Dunia, ikaendeleza ujenzi. Jibu ni kwamba fedha za mkopo na za mradi hufuata kitu kinachoweza kuhesabiwa na kukamilika. Darasa lina jiwe la msingi na siku ya uzinduzi, chaki haizinduliwi. Ile tofauti ya bilioni 120 ni sawa na madarasa 6,000, lakini ingepaswa kutolewa mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata, kutoka katika mapato ya ndani. Tena kila darasa jipya huongeza gharama za uendeshaji ambazo mkopo hauzilipi.

Kibaha inalijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko miji mingi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likiwa na shule, kituo cha afya na mafunzo ya kilimo. Mwaka 1970 lilikabidhiwa kwa Serikali. Majengo yaliachwa yakiwa imara, na jukumu la kuyaendesha kila siku likahamia katika bajeti ya taifa.

Picha ya Ndege na Kisarawe: kiwango kimoja, mapengo mawili

Chukulia shule mbili za msingi za kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Ya kwanza ina wanafunzi 1,500, ukubwa usio wa ajabu katika kata ya mjini inayokua kama Picha ya Ndege. Kwa shilingi 6,000 kwa mwanafunzi, inapata shilingi 9,000,000 kwa mwaka, yaani 750,000 kwa mwezi. Ya pili iko katika kijiji cha ndani cha Kisarawe na ina wanafunzi 150. Inapata 900,000 kwa mwaka, yaani 75,000 kwa mwezi.

Shule zote mbili zinahitaji mlinzi, rejesta, vitabu vya hesabu za fedha na safari za mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya halmashauri na benki. Gharama hizi hazigawanyiki kwa idadi ya wanafunzi. Mlinzi hapungui mara kumi kwa sababu watoto wamepungua mara kumi. Safari nayo, kwa kawaida, ni ndefu na ghali zaidi kwa shule ya kijijini kuliko ile iliyo kando ya lami. Kwa shilingi 75,000 kwa mwezi, nauli pekee inaweza kula sehemu kubwa ya ruzuku kabla ya kununuliwa kipande kimoja cha chaki. Kwa hiyo pengo la shule ndogo ya Kisarawe linatokana na muundo wa kanuni: kulipa kwa kichwa huchukulia kwamba kila gharama inafuata vichwa.

Pengo la Picha ya Ndege ni la aina nyingine. Shilingi 750,000 zinaweza kumlipa mlinzi na kununua karatasi. Tatizo lake ni kasi. Ruzuku hukokotolewa kwa takwimu za wanafunzi zilizokwisha kuwasilishwa, na katika kata ambako familia zinahamia mwaka mzima, takwimu hizo huzeeka haraka. Mtoto anayehamia katikati ya mwaka anakalia dawati, anatumia tundu la choo na anafanya mtihani. Fedha yake inaweza kuwa bado inahesabiwa katika shule aliyotoka. Kwa mwanafunzi mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi, kiasi kisichostahili barua. Tatizo ni mrundikano wao, pamoja na bili za maji na umeme ambazo shule ya mjini haiwezi kuzikwepa, na vyoo vinavyojaa kwa kasi ambayo fungu la ukarabati halikukusudiwa kuikabili.

Ingetarajiwa kwamba halmashauri ingeziba mapengo haya kwa mapato yake ya ndani. Lakini uwezo huo umepunguzwa kwa awamu, mara nyingi na Serikali Kuu ileile iliyokuwa ikitafuta mapato. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, chanzo cha asili cha mji unaojengwa kama Kibaha, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ukusanyaji wake ukaunganishwa na ununuzi wa umeme. Ushuru wa mazao, ambao wilaya ya wakulima kama Kisarawe huutegemea, ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Hatua ya ushuru ilikuwa na sababu nzuri kwa mkulima. Kwa shule, matokeo yake ni kwamba upungufu wa juu ulishuka kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia ruzuku isiyokua, na kupitia halmashauri isiyo na pa kuchota.

Mzazi kama mfuko wa mwisho

Fedha ambazo Hazina, halmashauri na mradi hazikutoa hutafutwa kwa mzazi. Waraka wa mwaka 2015 ulifuta michango, lakini maelekezo yaliyofuata yaliacha kwa wazazi sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa, pamoja na nafasi ya kuchangia kwa hiari. Mpaka kati ya hiari na lazima haukudumu, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa agizo la hadhara. Walimu wakuu wakajikuta kati ya agizo na mahitaji. Michango haikutoweka, ilibadili jina na mkondo, ikapitia kamati za shule, vikao vya wazazi na vibali vya halmashauri.

Hapa tofauti ya maeneo mawili inarudi kwa sura mpya. Katika kata yenye watumishi, wafanyabiashara na waajiriwa wa viwandani, kikao cha wazazi kinaweza kukubaliana juu ya karatasi za mitihani ya majaribio au posho ya mwalimu wa kujitolea. Katika kijiji ambacho fedha huonekana msimu wa korosho, makubaliano hayohayo hukusanya kidogo. Uchangishaji wa hadhara nao una upendeleo wake. Mwaka 2019 Kisarawe ilikuwa na kampeni ya Tokomeza Zero, iliyoongozwa na Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, Jokate Mwegelo, na iliyochangisha ujenzi wa shule ya sekondari ya wasichana. Ni kazi ya kupongezwa, na inathibitisha kwamba jamii na kampuni hutoa kwa ukarimu panapokuwa na jengo. Kwa mlinzi na bili ya maji, harambee ya namna hiyo ni vigumu kuifikiria.

Ipo hoja pinzani ambayo haipaswi kupuuzwa. Jaribio la KiuFunza lililofanywa na Twaweza katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, na kuchambuliwa na Mbiti na wenzake (2019), lilizipa baadhi ya shule ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Matokeo ya wanafunzi katika shule zilizopata ruzuku peke yake hayakupanda kwa kiasi cha kupimika. Yalipanda pale ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu. Wako wanaosoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba pengo la ruzuku halina madhara. Usomaji huo ni wa haraka mno. Utafiti huohuo ulionesha kwamba ruzuku ilipofika, kaya zilipunguza matumizi yao kwa elimu ya watoto. Kwa maneno mengine, sehemu ya fedha ilirudi mfukoni mwa mzazi. Ikiwa ruzuku inayofika humpunguzia mzazi mzigo, inaelekea kwamba isiyofika, au iliyochakaa thamani, humwongezea. Pengo la bajeti huenda lisionekane katika alama za mtihani. Litafutwe katika matumizi ya kaya, na kwa kaya maskini zaidi, katika mahudhurio.

Suala la kiwango cha msingi

Miongoni mwa njia zinazojadiliwa katika ugharimiaji wa elimu ni kuigawa ruzuku sehemu mbili: kiasi cha msingi kinachotolewa kwa kila shule bila kujali ukubwa, na kiasi kinachofuata idadi ya wanafunzi. Kwa shule za msingi za Serikali takriban 17,000, kiasi cha msingi cha shilingi 100,000 kwa mwezi kingegharimu bilioni 20.4 kwa mwaka, zaidi kidogo ya kile ambacho Hazina ilikuwa ikituma kwa mwezi mmoja mwanzoni mwa 2016. Shule ya kubuni ya Kisarawe ingepanda kutoka shilingi 900,000 hadi 2,100,000. Ile ya Picha ya Ndege ingetoka 9,000,000 hadi 10,200,000, nyongeza isiyofikia asilimia 14, na bado ingehitaji kitu ambacho kiasi cha msingi hakikitoi: takwimu za wanafunzi zinazohuishwa kila muhula, ili fedha imfuate mtoto aliyehama kabla mwaka haujaisha.